Forester, CX-5 au X-Trail: gari lipi utakaa nalo Nairobi miaka mitano na bado ulipende

Wauzaji wa magari kando ya Ngong Road na Kiambu Road watakuambia bei, mwaka na rangi. Hawakuambii gari litakavyokuwa mwaka wa nne, bushi za mbele zikiisha, oili ya giaboksi ikigeuka nyeusi, na wewe ukiwa umeshazoea kiti chake kizuri kiasi kwamba hukioni tena. Mimi naona ulinganisho unapaswa kuanzia hapo. Nimeyachukua magari matatu ambayo familia nyingi za jiji hili zimeishi nayo muda wa kutosha kuyajua tabia: Subaru Forester ya kizazi cha SJ, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2012, Mazda CX-5 ya kizazi cha kwanza, kiitwacho KE, ya mwaka huo huo wa 2012, na Nissan X-Trail ya kizazi cha T32 ya Desemba 2013.

Kuna jambo la kuelewa kabla ya yote. Kenya hairuhusu gari la mtumba kuingia likiwa limepita miaka 8. KE ilikoma kutengenezwa mwanzoni mwa 2017 na SJ mwaka 2018, kwa hiyo hizo mbili mlango wa bandari ya Mombasa umeshafungwa. Ukinunua moja leo, unainunua kwa Mkenya mwenzako, pamoja na mazoea yake yote ya kuitunza au kuipuuza. X-Trail T32 iliendelea hadi 2022, hivyo bado unaweza kuagiza iliyotoka Japani moja kwa moja. Tofauti hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani, na nitaieleza mbele.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinisome ukikisia. Kwa mtu anayeishi na kufanya kazi ndani ya Nairobi, CX-5 ya petroli ndiyo rahisi zaidi kuishi nayo. Kwa anayekaa pale lami inapokatika, au anayekwenda kwao milimani kila mara, Forester haina mpinzani kati ya hizi tatu. X-Trail ni ya familia kubwa yenye nidhamu ya matengenezo. Na CX-5 ya dizeli, ambayo ndiyo inayosifiwa sana, watu wengi wa mjini waiache.

Toyota je?

Utaulizwa tu, kwa hiyo tuimalize haraka. RAV4 ya kizazi cha nne, ile ya 2013 hadi 2018, Toyota haikuiuza Japani. Waliendelea kuuza ya zamani hadi 2016, kisha RAV4 ikatoweka nchini humo mpaka Aprili 2019. Ndiyo maana kwa miaka mingi aliyetaka Toyota ya ukubwa huu kutoka Japani aliishia kwenye Harrier. Harrier ni gari tulivu, linashika bei vizuri sana likiuzwa tena, na vipuri vyake vimejaa. Lakini tumbo lake liko chini kuliko la Forester, na kwa pesa ile ile utapata Harrier yenye umri mkubwa zaidi. Kama kwako kuuza bila hasara ndilo jambo la kwanza, chukua Harrier na uache kusoma hapa.

Giaboksi ndiyo hesabu yenyewe

Forester na X-Trail zote mbili hutumia CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua. Badala ya gia kuna puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na kati yake mkanda wa chuma kwa Nissan, au cheni kwa Subaru. CX-5 ya KE ina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia sita. Ukiyaendesha yote dakika kumi pale uwanjani hutaona kikubwa. Tofauti hujitokeza baada ya miaka, na chanzo chake ni joto.

CVT hufanya kazi kwa kukaza. Mkanda ukishikwa vizuri na puli, nguvu inafika magurudumuni. Oili ikizeeka na kuchemka, mshiko unapungua, mkanda unateleza, puli inakwaruzwa, na unga wa chuma unaanza kuzunguka ndani ya oili ile ile. Sasa fikiria maisha ya gari la Nairobi. Asubuhi linajikokota kwenye Outer Ring Road, jioni linajikokota Mombasa Road. Desemba linabeba watu watano, magunia na mizigo kwenye paa, kisha linarudi kwa kupanda mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya trela zinazotambaa. Mwendo wa chini, mzigo mkubwa, mlima mrefu, upepo kidogo wa kupooza: CVT haina adui mkubwa kuliko mchanganyiko huo. X-Trail ikichemka hujilinda kwa kupunguza nguvu. Dereva anakanyaga, mwendo hauongezeki, na nyuma yake kuna basi linalopiga honi. Wamiliki wengi hukutana na CVT yao kwa mara ya kwanza namna hiyo.

Je, CVT ni mbovu? Hapana. Wapo wenye X-Trail na Forester waliopita kilomita laki mbili na giaboksi ya kiwandani. Ukiwauliza wanafanya nini, jibu lao ni moja: oili ya giaboksi wanabadilisha kila kilomita 40,000 hadi 50,000, na wanaweka ile iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa Nissan hii ikiwa NS-3. Tatizo ni kwamba gereji nyingi bado husema oili ya giaboksi ni ya maisha, haiguswi. Nyingine, na hili ni baya zaidi, humimina oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye rafu. Mkanda wa CVT hautaisamehe. Ikishaharibika, wengi hununua giaboksi nyingine iliyotumika kutoka Japani, pale Kirinyaga Road au Industrial Area, na hapo unazungumza kwa malaki, bila kujua ile mpya kwako ilitunzwaje kwa mwenyewe wa kwanza.

CX-5 nayo inahitaji oili yake, lakini inavumilia uzembe wa kibinadamu vizuri zaidi. Foleni haiisumbui kama inavyoisumbua CVT. Kwa gari unalonunua kwa mtu usiyejua alilitunzaje, uvumilivu huo una thamani kubwa. Hii ndiyo sababu yangu kuu ya kuiweka mbele kwa mtu wa mjini, na sababu nyingine zote ni ndogo kando yake.

Mafuta, bila maneno mengi

Karatasi za Japani zitakuambia kila moja kati ya hizi, ya lita 2.0 za petroli, hufika kama kilomita 16 kwa lita. Nairobi sahau. Foleni, matuta, na jiji lililo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hubadilisha kila kitu. Hewa nyepesi hunyima injini isiyo na turbo sehemu ya nguvu zake, ndiyo maana Forester na X-Trail za kawaida huonekana zimechoka zikipanda Limuru zikiwa zimejaa. Wamiliki wa mjini hutaja kilomita 8 hadi 9 kwa lita kwa Forester na X-Trail, na 9 hadi 10 kwa CX-5. Barabara kuu, zote huvuka 12 ukiendesha kwa utulivu.

Tupige hesabu. Ukienda kilomita 1,000 kwa mwezi, gari la kilomita 8.5 kwa lita litatumia lita 118, la kilomita 10 litatumia 100. Kwa shilingi 180 kwa lita, tofauti ni kama 3,200 kwa mwezi, au 38,000 kwa mwaka. Ni pesa, na mwezi ule wa Oktoba 2023 petroli ilipofika shilingi 217 Nairobi ilikuwa pesa zaidi. Hata hivyo giaboksi moja iliyokufa itameza akiba hiyo ya miaka kadhaa. Usichague kati ya hizi tatu kwa sababu ya unywaji pekee.

Isipokuwa Forester XT. Ile ya turbo ina nguvu za farasi 280, inapanda Limuru kana kwamba ni tambarare, na inakwenda kilomita 6 au 7 tu kwa lita mjini. Vijana wanaipenda na nawaelewa, ni gari la raha. Ila XT iliyotumika Nairobi mara nyingi imekimbizwa sana, na turbo inayokimbizwa bila oili kubadilishwa kwa wakati haidumu. Kwa matumizi ya familia, chukua ya kawaida.

CX-5 ya dizeli: nzuri, lakini si kwako

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Dizeli ya lita 2.2 ya Mazda ni injini nzuri. Ina nguvu ya mzunguko ya Nm 420, inavuta kutoka chini, hewa nyepesi ya Nairobi haiisumbui kwa sababu ina turbo, na kwenye barabara ya Nakuru au Mombasa inaweza kwenda kilomita 15 na zaidi kwa lita. Anayeijaribu siku moja ya barabara kuu hurudi ameshaamua.

Lakini injini hii ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio likijaa, gari hujisafisha kwa kuongeza mafuta ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji safari, mwendo wa kutosha usiokatizwa. Mtu anayetoka Kileleshwa kwenda Upper Hill, kilomita tano za kusimama na kwenda, huzima gari katikati ya usafi huo kila siku. Mafuta ambayo hayakuungua huteremka na kuingia kwenye oili ya injini. Ndiyo maana kijiti cha oili cha gari hili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa: oili ikifika pale, imechanganyika na dizeli, inapoteza unene wake, na lazima imwagwe. Upande wa hewa, kaboni hujikusanya kwenye njia za kuingilia mpaka injini inaanza kupumua kwa shida. Salfa ya dizeli yetu, ambayo mwaka 2015 kikomo chake kilishushwa hadi 50 ppm (sehemu kwa milioni) wakati Japani ni 10, haisaidii.

Nani basi aichukue? Mtu wa Juja au Thika anayeingia mjini kila siku kwa Thika Road alfajiri kabla ya msongamano. Mtu wa mauzo anayezunguka Nakuru, Nyeri, Meru. Gari likipata safari ya moto kila mara, litamheshimu. Mwingine yeyote achukue petroli, hata kama dizeli inauzwa bei nafuu uwanjani. Bei ile nafuu ina sababu.

Udongo mweusi na matuta

Forester imeinuka milimita 220 kutoka chini, CX-5 210, X-Trail kama 205. Tofauti ya sentimita moja na nusu inaonekana ndogo hadi ukutane na matuta yaliyojengwa na wakaazi wenyewe bila vipimo. Forester huyavuka ikiwa imejaa watu. CX-5 wakati mwingine hugusa.

Tofauti kubwa zaidi ni magurudumu. Kila Forester huvuta kwa magurudumu manne muda wote. X-Trail na CX-5 huja za aina zote, na zipo zenye kuvuta kwa mbele tu ambazo muuzaji atakuapia kuwa ni za manne. Usibishane naye. Inama nyuma ya gari uchungulie: kama hakuna difu, yaani boksi la chuma la gia, katikati ya magurudumu ya nyuma, ni ya mawili. X-Trail ya manne ina swichi ya kuchagua, na ukiweka LOCK inajikaza vizuri kwenye matope ya mwendo wa chini.

Wakati wa masika, udongo mweusi wa Kitengela, Kamulu na pembezoni mwa Rongai hushika tairi mpaka zinageuka duara la matope. Watu wanaokaa huko hawaoni mvuto wa magurudumu manne kama starehe. Forester ndiyo inayofika nyumbani usiku wa mvua, na ndiyo sababu wamiliki wake huwa wakali ukiigusa kwa maneno. Nawapa haki yao.

Ila gharama ipo, na hakuna anayekuambia siku ya kununua. Gari linalovuta kwa manne muda wote linataka tairi nne zinazofanana kwa aina, ukubwa na kina cha meno. Shimo la Jogoo Road likipasua tairi moja wakati nyingine tatu zimelika nusu, kuweka moja mpya peke yake hulazimisha mfumo wa nyuma kuteleza kila dakika, na polepole unaumia. Utanunua mbili, wakati mwingine nne. CX-5 ya kuvuta mbele haina shida hiyo. Na kwa CX-5, ikimbie ile yenye rimu za inchi 19. Inapendeza, lakini ukuta wa tairi ni mfupi na rimu zinapinda. Ya inchi 17 itakupa amani, na tairi zake ni nafuu.

Ndani, miaka ikipita

X-Trail inashinda kwa nafasi, wala si kwa tofauti ndogo. Milango inafunguka sana, mama mzee anaingia bila kupinda, na zipo za viti saba, ingawa viti vile vya nyuma kabisa ni vya watoto. Nyingi za Japani zina viti visivyopitisha maji. Mwenye watoto wadogo, au anayebeba maziwa na mboga kutoka shambani kila wikendi, ataishukuru Nissan kwa hilo baada ya miaka mitatu, wakati viti vya kitambaa vya majirani vimeshatoa harufu.

CX-5 ina ndani iliyotengenezwa kwa upole, na baada ya miaka kadhaa bado inaonekana gari la bei. Lakini watu wazima watatu nyuma watalalamika kabla ya Naivasha, na springi zake ni ngumu kidogo. Forester ni ya kawaida ndani, plastiki nyingi, ila madirisha yake makubwa hukuonyesha bodaboda kabla haijafika kwenye kioo chako. Kwa Nairobi hilo ni jambo la usalama.

Madogo mawili. Redio za Japani huishia 90 au 95 MHz, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata bila kifaa cha kuongeza masafa. Na CX-5 yenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni inataka betri maalumu, ghali. Wengi huweka ya kawaida na kuuzima mfumo kila wanapowasha gari.

Mafundi, vipuri na kuuza

Fundi wa Subaru Nairobi hapatikani kwa shida, unachagua tu. Kuna gereji nyingi zisizoshika gari lingine, na fundi mzuri atakuambia kwa sauti tu kama beringi ya gurudumu inakufa. Injini ya SJ inatumia cheni badala ya mkanda, kwa hiyo ile hofu ya zamani ya mkanda kukatika haipo. Lakini angalia kiwango cha oili kila mara. Baadhi ya injini za familia hii zilijulikana kwa kunywa oili, hadi wamiliki wa Marekani wakaishtaki Subaru mahakamani. Plagi nazo ziko pembeni kabisa, kazi ya kuzibadilisha ni ndefu, na bei ya kazi inaonyesha hivyo.

Vipuri vya X-Trail vimejaa na ni nafuu kuliko vyote. Vya Mazda vilikuwa adimu miaka ya mwanzo. Sasa vipo, ila fundi anayeijua kompyuta ya gari hili si kila mmoja. Kuuza tena, Forester huondoka haraka, CX-5 ya petroli inafuata, X-Trail hushuka bei zaidi. Kwa mnunuzi, kushuka huko ni nafasi: unaweza kupata X-Trail ya mwaka wa karibu kwa pesa ya Forester iliyozeeka.

Na hapa ndipo ule mlango wa bandari unaporudi. X-Trail unayoagiza ina karatasi ya mnada ya Japani. Soma daraja lake: 4 au 4.5 ni zuri, R ni gari lililogongwa na kutengenezwa. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi. Forester au CX-5 unayonunua kwa mtu, mwombe stakabadhi za gereji, hasa za oili ya giaboksi. Asipokuwa nazo, mpunguzie bei kwa gharama ya huduma nzima, au ondoka.

Siku ya kujaribu, fika mapema kabla hajawasha gari, maana injini ikiwa baridi haifichi kitu. Chomoa kijiti cha oili kwanza. Kisha liendeshe dakika 30 na zaidi, upande mlima mrefu ukiwa na watu ndani, halafu ukwame kwenye foleni kwa makusudi. CVT iliyoanza kuchoka itatetema ikiondoka polepole, au sauti ya injini itapanda bila mwendo kufuata. Ukirudi, acha fundi wako aunganishe mashine ya kusoma kompyuta kabla gari halijapoa, na umwombe aangalie misimbo ya hitilafu za giaboksi, si za injini peke yake.